Matairi ya pikapu kwa matope, changarawe na lami: A/T, M/T au ya katikati?

Nyayo Nne

Habari wakuu. Naomba ushauri kabla sijanunua seti nzima ya matairi.

Gari ni pikapu ya dizeli, dabo kebini, 4x4 ile ya kuunganisha mwenyewe (siyo ya muda wote). Rimu ni inchi 17 zenye upana wa inchi 7.5, saizi ya kiwandani 265/65R17. Halijainuliwa springi wala shokapu. Difu loku (ile ya kuyalazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja) ipo nyuma tu. Matumizi kwa makadirio: lami asilimia 60, changarawe na mawe 25, matope 15. Mzigo nyuma kwa kawaida kilo 400 hadi 600. Matope yenyewe ni ya aina mbili: kuna sehemu ni tope jepesi juu ya ardhi ngumu, na kuna sehemu udongo unanata kwenye kila kitu.

Nichukue A/T (ya njia zote), M/T (ya matope), au haya ya katikati yanayoitwa R/T? Nikipanda hadi 285/70R17 naharibu nini? Kwa matope tairi pana ndilo zuri au jembamba? Watu wanabishana sana hapa na kila upande unasikika una hoja. Na upepo nijaze kiasi gani?

---

Fundi Kashata

Mkuu, kwa kutaja asilimia, uzito na upana wa rimu umeturahisishia. Kwa mgawanyo huo jibu langu ni R/T, au A/T lenye mabega (pale uso wa tairi unapokutana na ubavu) yaliyo wazi, la daraja la LT (la magari madogo ya mizigo). M/T kamili sikushauri.

Kwenye lami tairi linashika kwa msuguano wa mpira na barabara. Kwenye tope msuguano huo haupo. Kashata (vile vipande vya mpira vinavyotokeza juu ya uso wa tairi) zinajichimbia udongoni na kuusukuma nyuma, kama kasia linavyosukuma maji. Kwa hiyo tairi lina kazi mbili: kuuma na kutema. Likiuma bila kutema, mifereji inajaa kwenye mzunguko wa kwanza tu, na kuanzia hapo unaendesha gogo lililosiribwa udongo. Halina tofauti na tairi kipara. M/T linafaulu kwa sababu kashata zake ni chache, kubwa na zimeachana, kwa hiyo udongo unapata pa kutokea gurudumu linapozunguka.

Ukienda kuchagua, usianzie katikati ya tairi, anzia begani. Mfereji unaotoka katikati kwenda nje uwe wazi mpaka mwisho. Matairi mengi ya A/T yana kidaraja cha mpira kinachounganisha kashata mbili za begani. Kinapunguza kelele kwenye lami, lakini hapo ndipo udongo unapojifunga. Ingiza kidole gumba kwenye mfereji wa begani. Kikibanwa, tairi hilo la udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, silo. Angalia pia kuta za kashata. Zikiwa zimelala kidogo, mfereji ukawa mpana juu na mwembamba chini, udongo unachomoka kirahisi kuliko kwenye mfereji wenye kuta zilizosimama wima. Vile vinundu vidogo vilivyo chini ya mfereji si mapambo: vinazuia jiwe lisijikite na kuendelea kuchimba mpaka kwenye waya. Mwisho tazama ubavuni. Kashata zinazoshuka ubavuni zinafanya kazi pale gurudumu linapokuwa ndani ya mfereji uliochimbwa na magari mengine, kwa sababu zinakamata ukuta wa mfereji huo.

Kina cha kashata: A/T mpya nyingi huwa na milimita 10 hadi 13, M/T 14 hadi 15 hivi. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu mpaka milimita 1.6, lakini hicho ni kiwango cha lami. Kwa matope tairi likibaki na milimita 5 limeshamaliza kazi yake, hata kama kwa macho bado linaonekana zima.

Sasa kwa nini siyo M/T. Kubwa ni lami iliyolowa. Kashata kubwa zina mikato michache ile myembamba kama ya wembe, na hiyo ndiyo inayokata utando wa maji. Halafu mpira unaogusa barabara ni mdogo kwa sababu nafasi kubwa ni mifereji. Breki inakuwa ndefu, na kwenye kona gari linaanza kuteleza mapema kuliko ulivyozoea. Wewe unakaa kwenye lami zaidi ya nusu ya safari zako, kwa hiyo hilo ni suala la usalama, siyo la starehe. Uzito nao: tairi la M/T la LT linaweza kuzidi la kiwandani kwa kilo 5 hadi 8 kila moja, na uzito unaozunguka unailemea breki, shokapu na mafuta kwa pamoja. Kelele inaanza ndogo na kukua, kwa sababu kashata ndefu zinapinda na ukingo mmoja unalika kuliko mwingine. Usipozungusha matairi kila kilomita 5,000 hadi 8,000, kuvuma huko hakutibiki tena.

Jambo moja linalowapoteza wengi: alama ya M+S ubavuni haimaanishi tairi limejaribiwa kwenye matope. Inahusu umbo la kashata na mifereji tu, na hata matairi mapole kabisa ya lami yanaweza kuwa nayo. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ni ya jaribio la theluji, nayo haikwambii chochote kuhusu mfinyanzi.

---

Mfinyanzi

Nakubaliana na Fundi kwa mengi, lakini hesabu ya asilimia nina shida nayo. Asilimia 15 ya kilomita inaweza kubeba karibu matatizo yote ya safari. Swali la kwanza liwe ni udongo gani, na vipande vyake vina urefu gani.

Upime hivi. Chukua udongo wenye unyevu, uviringishe kati ya viganja mpaka uwe kamba. Kamba ikifika unene wa milimita 3 bila kukatika, huo una mfinyanzi wa kutosha kujaza mifereji ya A/T. Ikivunjika mapema, una mchanga au vumbi jingi, na A/T nzuri itatema bila shida.

Kuhusu pana na jembamba, watu wanabishana kwa sababu kila mmoja anazungumzia tope lake. Kwa mzigo uleule na upepo uleule, tairi pana na jembamba yanagusa ardhi kwa eneo linalokaribiana sana. Kinachobadilika ni umbo la eneo hilo. Pana linaacha alama fupi na pana, jembamba linaacha alama ndefu na nyembamba. Jembamba linasukuma tope kidogo mbele yake, kwa hiyo linapita kwa upinzani mdogo, na kama chini kuna ardhi ngumu linaifikia upesi. Hiyo ndiyo hali yako ya kwanza, tope jepesi juu ya ardhi ngumu, na hapo jembamba linashinda bila ubishi. Faida ya pana ni nyingine: lina ujazo mkubwa wa hewa, kwa hiyo unaweza kushusha upepo zaidi kabla rimu haijakaribia kugusa chini. Hilo lina maana kwenye kinamasi kisicho na sakafu na kwenye mchanga. Ukiwa na tairi pana lenye upepo wa lami kwenye tope la namna hiyo umebeba hasara za pande zote mbili.

Sasa ule udongo unaonata. Hapa kashata peke yake haitoshi, dereva naye ana kazi. Nguvu inayotupa udongo nje inakua kwa mraba wa kasi: gurudumu likizunguka mara mbili ya kasi, udongo unavutwa nje kwa nguvu mara nne. Ndiyo maana anayeingia kwenye mfinyanzi kwa 4L (4x4 ya gia nzito) gia ya kwanza anakwama: ana nguvu nyingi, lakini gurudumu linazunguka polepole mno kujisafisha. Weka 4L gia ya pili au ya tatu, zima mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure (usipouzima utakukata moto wakati unaouhitaji), na shika mwendo usiobadilika tangu mwanzo. Gari likianza kupungua kasi, chezesha usukani kushoto na kulia kwa robo ya mzunguko ili kashata za ubavuni zitafute ukuta mpya wa kukamata. Likisimama kabisa huku magurudumu yanazunguka, acha mafuta mara moja. Kila sekunde inayofuata unachimba shimo la ekseli yako.

Tahadhari ni hii: gurudumu linalozunguka kwa kasi likikutana ghafla na jiwe au mzizi, mshtuko wote unaenda kwenye shafti na sivi-jointi (kiungio cha shafti kinachopinda). Usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, sivi-jointi ya mbele iko kwenye pembe yake dhaifu kuliko zote. Hapo usikanyage mafuta kwa nguvu.

Kwa hiyo ushauri wangu: vipande vya mfinyanzi vikiwa vifupi na tambarare, R/T inatosha. Vikiwa vya kilomita nyingi, au vya mlima wenye barabara iliyoinamia upande mmoja, nunua M/T pamoja na rimu zake nne na ufunge kwa msimu tu. Njia ya tatu ambayo wengi hawaifikirii ni minyororo ya tairi. Mnyororo juu ya A/T kwenye mfinyanzi unauma kuliko M/T tupu. Masharti yake ni kwamba usiushushe upepo (mnyororo utalegea na kupiga bomba la breki), usizidi kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na upime kwanza nafasi kati ya tairi na shokapu, hasa mbele.

---

Desimali

Nitajibu la saizi, maana hapo watu wanakisia wakati kalamu inatosha.

265/65R17 inasomeka hivi: upana milimita 265, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17 ambayo ni milimita 431.8. Ubavu mmoja ni milimita 172, mara mbili ukajumlisha rimu unapata kipenyo cha milimita 776. Kwa hesabu hiyohiyo 265/70R17 ni 803, 235/80R17 ni 808, na 285/70R17 ni 831.

Gari linainuka kwa nusu ya tofauti ya kipenyo, siyo tofauti yote. Kwa 265/70R17 difu yako inapanda milimita 13, kwa 235/80R17 milimita 16, kwa 285/70R17 milimita 27. Zingatia hilo kabla hujalipia tairi kubwa: kati ya 285 na ile nyembamba ya 235 unapata milimita 11 tu za ziada chini ya difu, unene wa kidole.

Gharama ya hizo milimita 11 ni hii. 285/70R17 ni kubwa kuliko ya kiwandani kwa asilimia 7. Spidomita ikisoma 100 unakwenda 107. Gia zote zinarefuka kwa kiasi hicho. Kama difu yako ni ya 3.9 (uwiano wa gia zake), gari litajisikia kama limewekewa ya 3.65. Kwenye 4L unapoteza sehemu ya mwendo wa kutambaa, na ukishuka mlima injini inalizuia gari kwa nguvu pungufu. Breki nazo zinapambana na mkono mrefu zaidi. Kwa 265/70R17 mabadiliko ni asilimia 3.4 na gari halilalamiki.

Upana wa rimu: 265/70R17 inakubali rimu za inchi 7 hadi 9, kwa hiyo 7.5 yako iko ndani. 285/70R17 inaanzia 7.5, uko kwenye mpaka wa chini. Mabega yatavutwa ndani, katikati ya tairi patalika mapema. 235/80R17 iko upande wa pili, 7.5 ndiyo mwisho wake wa juu. Inafunga, lakini ubavu unakuwa umenyooka na rimu inabaki bila kinga dhidi ya mawe.

Usikubali kuambiwa tu kwamba "haitagusa". Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo au kizingiti cha sentimita 30 hivi ili springi ya upande huo ibanwe, halafu kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mbele na kinyumenyume. Angalia sehemu tatu: nyuma ya madigadi, ile nguzo ya kebini iliyofungwa kwenye chesesi nyuma ya gurudumu, na mkono wa juu wa sasipensheni kwa ndani. Kinachosahaulika ni tope lenyewe. Linajaa juu ya tairi na ndani ya madigadi. Ukiwa na nafasi ya milimita 5 wakati wa ukavu, kwenye mfinyanzi tairi litasaga plastiki mpaka ing'oke. Acha angalau milimita 20 hadi 25 kila upande.

Na namba ya uzito. Kwenye tairi la LT265/70R17 utaona 112/109 kwa daraja C, au 121/118 kwa daraja E. Namba ya kwanza ni ya gurudumu moja moja: 112 ni kilo 1,120, 121 ni kilo 1,450. Kwa mzigo wa kilo 600 kwenye pikapu ya ukubwa wa kati, C inakutosha na akiba inabaki. E wanaiita "plai 10", lakini hayo siyo matabaka kumi halisi, ni kipimo cha nguvu cha zamani kilichobakia kwenye lugha ya biashara. E ni gumu na zito zaidi, na ukilishushia upepo halitandi vizuri chini, na kutanda huko ndiko unakokutafuta kwenye tope. Ichukue tu kama mawe yenye makali ndiyo adui wako mkuu, si matope.

---

Nyayo Nne

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichouliza. Ile kamba ya udongo inafika milimita 3 bila kukatika, ila vipande vyenyewe ni vya mita 200 hadi 300 na ni tambarare. Kwa hiyo naelekea 265/70R17, R/T, daraja C. Limebaki la upepo. Na je, kile kikompresa cha kuchomeka kwenye tundu la sigara kinatosha?

---

Geji

Uamuzi mzuri mkuu. Sasa usiuharibu kwa upepo, kwa sababu R/T yenye upepo sahihi inapita mahali ambapo M/T yenye upepo wa lami inakwama.

Lami kwanza. Kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kwa tairi la kiwandani. Tairi la LT linahitaji upepo zaidi ili kubeba uzito uleule, kwa hiyo ukijaza psi (kipimo cha upepo) za kibandiko litakuwa limepungukiwa. Anza na psi 36 mbele, na nyuma 38 bila mzigo hadi 42 ukiwa na kilo 600, halafu usahihishe kwa chaki: chora mstari mnene kukatisha tairi kutoka bega hadi bega, endesha mita 100 hivi kwenye lami tambarare kavu, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Kipimo cha pili ni joto: pima tairi likiwa baridi, endesha nusu saa hadi saa moja kwa mwendo wa kawaida, pima tena. Kwa LT kupanda psi 6 hivi ni sawa. Likipanda zaidi ya hapo, lilikuwa na upepo mdogo, linapinda na kujichemsha.

Changarawe na barabara ya mabati (yenye mawimbi kama bati): shuka psi 28 hadi 30, mwendo usizidi 80. Tairi linameza mtetemo, na kashata zinaacha kung'olewa vipande na kokoto kali. Tope jepesi juu ya ardhi ngumu: 26 hadi 28 panatosha, hapo unataka tairi likate lifike chini. Mfinyanzi na tope la kina: 18 hadi 20, mwendo chini ya 40. Mchanga laini: 15 hadi 18. Ukiwa na mzigo ongeza psi 3 hadi 4 nyuma. Kwa wanaotumia bari, gawanya psi kwa 14.5.

Chini ya psi 15 sikushauri kwa rimu za kawaida. Ukingo wa tairi unakaa kwenye rimu kwa nguvu ya upepo. Ukiwa mdogo na ukakata kona ghafla ndani ya mfereji wa magurudumu, tairi linachomoka. Kuna hali nyingine ya polepole inayosumbua zaidi: tope na vijiti vinaingia kati ya ukingo na rimu, halafu siku mbili baadaye tairi linapungua upepo na fundi anatafuta pancha isiyokuwepo. Dawa yake ni kulivua upande mmoja, kusafisha ukingo na rimu kwa brashi, na kulirudisha.

Ukishusha upepo ubavu unavimba nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Ndani ya tope hukioni kisiki. Tundu la katikati ya kashata, msumari au mwiba wa milimita chache, unaliziba kwa kile kinyuzi chenye gundi baada ya kulisafisha kwa tupa yake. Ubavu ukikatika haupokei kinyuzi wala kiraka, na anayekuambia unapokea anakuhatarisha kwa mwendo wa barabara kuu.

Kompresa: tundu la sigara kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Kikompresa kinachoishi ndani ya kiwango hicho kitapandisha tairi la saizi yako kutoka 18 hadi 36 kwa muda mrefu sana, na kinaweza kuungua kabla ya tairi la nne. Tafuta cha kubana moja kwa moja kwenye betri, kinachotoa lita 70 kwa dakika au zaidi, na uache injini ikiunguruma wakati wa kujaza. Halafu jaza kabla ya kupanda lami, siyo "nikifika". Tairi la psi 20 kwa mwendo wa 90 linachemka ndani kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira, na linapasuka wakati hakuna tope tena la kulaumu.

Tumia geji ileile kila mara. Geji mbili zinaweza kupishana kwa psi 2 au 3, lakini ileile moja itakupa tofauti sahihi kati ya jana na leo.

---

Fundi Kashata

Niongezee ya siku ya kufunga. Soma msimbo wa DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, mfano 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Yote yawe na tarehe zinazokaribiana. Kama mchoro una mshale wa mwelekeo, fikiria mara mbili: tairi hilo likizunguka kinyume halitemi udongo vizuri, na kujinasua kwenye tope mara nyingi ni kwa kurudi nyuma. Tena spea yake inafaa upande mmoja tu. Kaza nati kwa mkono kwa mpangilio wa nyota, halafu urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Baada ya kila safari ya matope, osha ndani ya rimu, siyo nje tu. Kilo moja ya udongo mkavu uliogandia upande mmoja wa rimu inafanya usukani utetemeke kuanzia kilomita 70 hivi kwa saa, na watu wanakimbilia kufanya balansi na alaimenti bure.

---

Nyayo Nne

Nimekuelewa Fundi. Swali la mwisho: ninunue manne na kubaki na spea ya zamani, au matano?

---

Fundi Kashata

Matano. Spea yako ya 265/65R17 ina kipenyo pungufu kwa milimita 27. Ukiifunga nyuma upande mmoja, difu itasaga muda wote hata barabarani kwenye mstari ulionyooka, na ukiwa umefunga loku au 4x4 kwenye ardhi inayoshika, shafti zinajisokota.

Ukiwa na matano yasiyo na mwelekeo, zungusha hivi kila kilomita 8,000: spea iende nyuma kulia, la nyuma kulia liende mbele kulia, la mbele kulia livuke kwenda nyuma kushoto, la nyuma kushoto liende mbele kushoto, na la mbele kushoto likapumzike uspea. Yote matano yatachakaa pamoja.

Kabla hujalipia, ingiza moja chini ya bodi mahali pa spea. 265/70R17 kwa kawaida linaingia, lakini angalia limeachana vipi na bomba la moshi na kama mnyororo wa kulivutia juu unalibana mpaka lisicheze. Likiwa linacheza, kwenye barabara ya mabati litakata mnyororo huo.